Kufundisha Kiingereza Thailand: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na vijana wa Afrika Mashariki

Ukurasa huu ni wa wewe uliyemaliza chuo, unaijua kazi ya ualimu au unataka kuijua, na umesikia kwamba Thailand kuna shule zinazotafuta walimu wa Kiingereza. Mimi nafundisha sekondari huko Khon Kaen, kaskazini-mashariki mwa nchi, kwa hiyo majibu yote ni ya Thailand. China, Vietnam na nchi za Ghuba zina taratibu zao. Jambo lolote linalohusu viza lithibitishe ubalozini kabla hujalipa hata senti moja, maana sheria hizi hubadilishwa mara kwa mara.

Kwa nini watu wengi wa kwetu huja Thailand na si Korea Kusini au Japani?

Korea Kusini viza ya mwalimu wa lugha hutolewa kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mkenya au Mtanzania hata awe na shahada mbili, mlango huo umefungwa. Thailand haina orodha ya namna hiyo. Inakutaka uthibitishe kwamba umesoma na kwamba Kiingereza unakimudu. Shule nyingi, hasa za mikoani, zina uhaba wa walimu wa kigeni, na hapo ndipo nafasi yetu ilipo.

Natakiwa kuwa na nini?

Shahada ya kwanza, tena cheti halisi pamoja na nakala ya matokeo ya masomo yote. Stashahada haitoshi. Shahada si lazima iwe ya ualimu: Baraza la Walimu la Thailand, linaloitwa Khurusapha, huweza kumruhusu mtu mwenye shahada nyingine afundishe kwa muda akiombewa na shule yake. Kama una shahada ya ualimu, usiifiche chini ya rundo la vyeti vya semina. Iweke mbele, kwa sababu inakupa njia fupi zaidi ya kupata leseni kamili.

Kwa kuwa hutoki katika nchi wanazohesabu kuwa za wazawa wa Kiingereza, yaani watu waliozaliwa na lugha hiyo, utaombwa matokeo ya mtihani wa lugha. Uliozoeleka ni TOEIC, na alama inayotajwa na shule nyingi ni 600 kati ya 990. Mtu aliyesoma sekondari na chuo kwa Kiingereza huivuka bila shida akijizoeza mtindo wa maswali yake. Matokeo hudumu miaka miwili, kwa hiyo usiufanye mapema mno.

Ongeza cheti cha polisi cha mwenendo mwema, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hiyo kadi usiisahau: Thailand huidai kwa wasafiri wanaotoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo.

Cheti cha saa 120 cha kufundisha Kiingereza kwa wageni si sharti la kisheria. Shule hukipenda, lakini kozi za bei kubwa zinazokuahidi kazi zikwepe.

Naweza kuingia kama mtalii, nikatafuta kazi nikiwa huko huko?

Wapo waliofanya hivyo. Mimi sikushauri. Viza ya kazi ni ile iitwayo Non-Immigrant B, na shule ndiyo hukuandalia barua za kuiombea. Tangu tarehe 1 Januari 2025 maombi hufanywa kwa mtandao katika balozi zote za Thailand, ukiwemo ule wa Nairobi. Ukiingia nayo hupewa siku 90, na ndani ya muda huo shule hukuombea idhini ya Khurusapha, kibali cha kazi, kisha nyongeza ya kukaa hadi mwaka mmoja.

Mwalimu anayesimama darasani bila kibali cha kazi yuko mikononi mwa kila mtu: wakala, mkuu wa shule, hata mwenye nyumba. Asipolipwa hana pa kushtaki. Nimeona vijana wazuri, walimu hodari, wakikubali nusu ya mshahara kwa sababu tu karatasi zao hazikukaa sawa.

Nitajuaje kwamba kazi niliyoahidiwa ni ya kweli?

Swali hili ndilo ninaloomba ulisome mara mbili.

Takribani kilomita 500 kutoka Bangkok, mpakani na Myanmar, kuna mji unaoitwa Mae Sot. Ng'ambo ya mto Moei ni Myawaddy, na kandokando ya mto huo kumejengwa kambi ambamo watu hufungiwa na kulazimishwa kutapeli wengine mtandaoni. Wengi wao waliambiwa wanakwenda kufanya kazi Thailand. Mapema mwaka 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi walitolewa katika kambi hizo, na miongoni mwao walikuwemo Wakenya, Waethiopia na Waganda. Hawa ni ndugu zetu, wengi wana shahada kama yako, na walipanda ndege wakiwa na furaha ile ile uliyo nayo leo.

Shule ya kweli ina jina, ina anwani, ina picha za wanafunzi wakiwa kwenye paredi, na ina simu inayopokelewa na sekretari mwenye Kiingereza cha kubabaisha. Itakuhoji kwa video. Itakuuliza utafundishaje somo la dakika 50 kwa watoto wa miaka 13. Itataka kuona shahada yako. Tapeli hana haja na somo lako. Anakuuliza unaandika maneno mangapi kwa dakika kwenye kompyuta. Anakununulia tiketi haraka haraka, anakuambia viza utaishughulikia ukifika, na kazi yako inabadilika jina kila wiki: leo mwalimu, kesho huduma kwa wateja.

Ukishatua, fuata njia kwenye ramani ya simu yako mwenyewe. Kama kazi yako iko Bangkok au Khon Kaen na gari linaelekea Mae Sot, teremka kituo cha kwanza cha mafuta penye watu, upige kelele ikibidi. Polisi wa watalii wanapatikana kwa namba 1155 na wanasema Kiingereza. Namba ya msaada kuhusu usafirishaji wa binadamu ni 1300. Kenya ina ubalozi Bangkok. Andika hizi kwenye karatasi, kwa sababu kitu cha kwanza kunyang'anywa ni simu. Na kabla ya kuondoka, mwachie mama au dada yako nakala ya mkataba, jina la shule, na tarehe utakayopiga simu.

Mshahara ni kiasi gani?

Katika shule za serikali za mikoani, walimu wa kigeni hulipwa mara nyingi kati ya baht 20,000 na 35,000 kwa mwezi, na sisi tusiohesabiwa kuwa wazawa wa lugha huanzia upande wa chini. Shule binafsi kubwa na za kimataifa hulipa zaidi, lakini huko leseni na uzoefu hutakiwa.

Kuliko tarakimu, angalia miezi. Mwaka wa shule huanza katikati ya Mei, muhula wa kwanza huisha kuelekea Oktoba, wa pili huanza mwanzoni mwa Novemba hadi Machi. Mikataba mingi ya mawakala ni ya miezi 10: likizo ya Machi hadi Mei hulipwi. Mkataba wa miezi 12 wenye baht 24,000 unashinda wa miezi 10 wenye 28,000, kwa sababu Aprili tumbo halipumziki. Uliza pia kama wakala au shule italipia kibali cha kazi na ada za uhamiaji, na itakukata nini. Makato halali ya hifadhi ya jamii ni asilimia 5, yana kikomo, na hukupa haki ya matibabu katika hospitali uliyosajiliwa.

Nije na pesa ngapi?

Za kukutosha miezi miwili bila mshahara. Chumba cha kawaida mikoani hupatikana kwa baht 3,000 hadi 5,000, lakini mwenye nyumba huomba amana ya miezi miwili pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza. Utahitaji nguo za kazi: mashati yenye kola, suruali au sketi ndefu, viatu vinavyovuliwa upesi. Mshahara wa kwanza huja mwisho wa mwezi, na pengine huchelewa hadi akaunti ya benki ifunguliwe.

Tangazo linasema wanataka wazawa wa Kiingereza tu. Niombe au niache? Na je, rangi yangu itakuwa tatizo?

Omba. Matangazo mengi huandikwa na mawakala wanaorudia maneno yale yale, na shule ya mkoani iliyokosa mwalimu wiki mbili kabla ya Mei husoma barua yoyote nzuri. Tuma video ya dakika tatu ukiwa unafundisha. Mkuu wa shule akiona unavyowapanga watoto na kuwasemesha, mjadala wa pasipoti hupungua.

Nitasema ukweli kuhusu sehemu ya pili. Zipo shule zitakazokukataa kwa sababu ya ngozi yako, na baadhi zitakuambia waziwazi kwamba wazazi wanataka mzungu. Maduka yamejaa mafuta ya kung'arisha ngozi, na watoto wamekulia kwenye matangazo hayo. Mtoto wa darasa la pili atakugusa mkono aone kama rangi inatoka. Dada mwenye nywele za kusuka atashikwa kichwa na walimu wenzake. Inachosha, na huna wajibu wa kuicheka kila mara. Unaweza kusema hapana kwa upole, na watu wa hapa huelewa upole haraka kuliko ukali.

Ila usifanye kosa la kujitambulisha kama Mmarekani au kuigiza lafudhi. Watu hujaribu. Wanaposhtukiwa hupoteza heshima ambayo haiwezi kurudi. Wewe ulikuta Kiingereza shuleni, baada ya Kiswahili na pengine baada ya lugha ya nyumbani. Unajua ilivyo kusimama mbele ya darasa na kutetemeka kwa sababu ya sentensi moja. Mwalimu aliyezaliwa na lugha hiyo hajui njia uliyopita. Wewe unaijua kwa miguu. Watoto wa hapa, ambao wengi wanaamini Kiingereza ni mali ya watu wengine, wanahitaji kumwona mtu aliyejifunza akakiweza. Hiyo iseme kwenye usaili, kwa sauti kamili.

Siku ya kwanza shuleni nitegemee nini?

Saa mbili kamili asubuhi bendera hupandishwa na wimbo wa taifa huimbwa. Simama wima. Wimbo hupigwa tena saa kumi na mbili jioni kwenye vituo vya mabasi na bustani, na watu husimama walipo. Wanafunzi watakusalimu kwa kukutanisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa. Utaratibu wake utaujua mara moja kama ulilelewa na shikamoo: mdogo huanza, mkubwa huitikia. Kwa mkuu wa shule na walimu wazee anza wewe. Kwa watoto itikia kwa kichwa au kwa tabasamu.

Viatu huvuliwa mlangoni. Usiguse kichwa cha mtu, hata cha mtoto unayempongeza, wala usimwelekezee mtu nyayo zako. Jumatatu walimu wengi huvaa njano, rangi ya siku aliyozaliwa Mfalme. Kuhusu Mfalme na familia yake, usiseme neno baya, usishiriki utani mtandaoni, usikanyage hata noti yenye picha yake. Kifungu cha 112 cha sheria ya jinai kinatoa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kosa moja, na mgeni hana msamaha maalumu.

Kuelekea Juni, siku ya Alhamisi, kutakuwa na sherehe ya kuwaheshimu walimu. Wanafunzi hupiga magoti na kuwakabidhi maua na majani yaliyopangwa kwa ustadi. Usione haya, kaa uyapokee kwa mikono miwili. Ni heshima ya kazi yenyewe.

Darasa lina watoto 45 na hakuna anayezungumza. Nifanye nini?

Ukimya huo si ujinga, na mara nyingi si uvivu. Mtoto anaogopa kukosea mbele ya wenzake, na anaogopa pia kukuaibisha wewe kwa kusema hajaelewa. Ukiuliza «mmeelewa?» watajibu ndiyo, wote, kila siku. Usiulize. Wape kazi itakayokuonyesha: waandike, wachore, wapange picha. Waache waseme wawili wawili kwanza, kisha wanne, na darasa zima liwe la mwisho. Kuimba pamoja na kuitikia kwa pamoja, kama tulivyofundishwa sisi shule za msingi, kunafaa sana hapa, kwa sababu sauti ya mmoja hujificha ndani ya sauti za wengi.

Kisha sikiliza matamshi yao. Katika Kithai neno haliishii kwa sauti ya l, r wala s. Mwishoni l hugeuka n, na s hugeuka t, ndiyo maana football huwa futbon na bus huwa bat. Konsonanti mbili zikikutana mwanzoni, hasa s ikitangulia, mara nyingi hupasuliwa na irabu. Sisi tunalijua hilo: mdomo wa Mswahili nao hupenda kumaliza kwa irabu. Usiwasahihishe kila neno. Chagua sauti moja kwa wiki, tumia kioo, waone ulimi ulipo.

Vitenzi vya Kithai havibadiliki kwa wakati na majina hayana wingi wa kuambatisha, kwa hiyo utasoma insha nzima isiyo na wakati uliopita. Hapa chora mstari wa siku ubaoni: jana, leo, kesho. Nimeuona ukifanya kazi kuliko kanuni za sarufi zilizoandikwa kwa wino mwekundu.

Na jambo la alama: kumwangusha mwanafunzi si kawaida. Anayepata sifuri hupewa kazi au mtihani wa kurudia mpaka apite. Usigombane na mfumo mzima mwaka wako wa kwanza. Ifanye hiyo kazi ya kurudia iwe na maana, umwite aje mmoja mmoja mezani kwako. Wale wanaofeli ndio nilizungumza nao zaidi.

Nitakula nini?

Utakula vizuri. Wali upo wa kila aina, nazi imejaa kwenye michuzi, maembe, mapapai na ndizi hupatikana sokoni. Mboga iitwayo khana ukiikatakata na kuikaanga na kitunguu itakukumbusha sukuma wiki. Unga wa ugali ndio mgumu mikoani. Bangkok jaribu maduka ya Kihindi ya Pahurat na mitaa ya Nana. Unga mweupe wa muhogo wa dukani ni wanga mtupu, usiujaribu kwa ugali.

Waislamu, tafuteni alama ya halali kwenye pakiti na vibandani. Mikoa ya Pattani, Yala na Narathiwat ina Waislamu wengi kuliko wengine wote, ingawa kuna machafuko ya silaha ya muda mrefu, kwa hiyo fuatilia hali kabla ya kukubali kazi. Khon Kaen na miji mingine mikubwa ina misikiti, japo michache. Ramadhani shule haibadilishi ratiba. Mweleze mapema mwalimu mkuu wa somo, akupangie vipindi vya asubuhi.

Kalenda na saa zao zinanichanganya.

Mwaka wa Kibudha uko mbele kwa miaka 543, hivyo 2025 ni 2568. Kagua tarehe kwenye kila fomu unayotia saini. Saa za jioni wewe utazipenda: kwa mazungumzo ya kawaida, saa moja kamili ya usiku Wathai nao huhesabu moja, saa mbili huhesabu mbili, mpaka tano. Wamarekani huhangaika nazo sana.

Upweke je? Na nyumbani wanataka pesa.

Mwezi wa tatu ndio mgumu. Ugeni umeisha utamu, lugha bado hujaishika, na mvua inanyesha kila jioni. Saa tatu usiku kwako ni saa kumi na moja jioni kwao, kwa hiyo panga simu za nyumbani kabla ya kulala, lakini usizifanye kuwa maisha yako yote. Jifunze kusoma herufi za Kithai mapema, hata kama kusema kunakushinda. Siku utakayosoma kibao cha basi mwenyewe, mji utafunguka. Cheza mpira na walimu. Nenda ukialikwa. Wakikuita kwenye mazishi au arusi, nenda, kwa sababu hapo ndipo hukoma kukuita mgeni.

Kuhusu pesa, ongea na wazazi kabla ya kuondoka, uwaambie mshahara halisi na gharama halisi. Kijana aliyefika ng'ambo huhesabiwa tajiri siku ile ile anayotua. Taja kiasi unachoweza kutuma kila mwezi, kitume kwa uaminifu, na amana ya nyumba na akiba ya nauli ya kurudi usiziguse kwa ajili ya harambee yoyote.

Ninunue pikipiki?

Wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na hiyo huwapa watu wetu ujasiri mwingi mno. Barabara za Thailand ni kati ya zinazoua watu wengi duniani, na wengi wanaokufa ni wa pikipiki. Pata leseni, vaa kofia ngumu hata kwa mita mia mbili, na usiendeshe usiku wa Songkran, sikukuu ya mwaka mpya wa Kithai, katikati ya Aprili.

Nikishapata viza ya mwaka, nimemaliza?

Bado. Kila siku 90 unaripoti anwani yako uhamiaji. Ukichelewa faini ni baht 2,000. Mwenye nyumba naye anatakiwa kutoa taarifa kwamba unaishi kwake, na wengi hawajui, kwa hiyo mkumbushe siku ya kuhamia. Ukitaka kutoka nchini kwa likizo, chukua kwanza kibali cha kuingia tena. Ukitoka bila hicho, nyongeza yako ya mwaka inafutika pale uwanja wa ndege. Kuzidisha muda ni baht 500 kwa siku hadi kikomo cha 20,000, na ukikamatwa kabla hujajisalimisha kuna kizuizi na marufuku ya kurudi.

Shule hainifai. Naweza kuhamia nyingine?

Ndiyo, lakini usiondoke kwa hasira. Ruhusa yako ya kukaa imefungwa kwa mwajiri mmoja: siku ajira inapokoma, nayo hukoma. Pata kwanza barua ya shule mpya, kisha mkubaliane na ya zamani tarehe moja ya kufunga karatasi zako, na shule mpya iwe tayari kuwasilisha zake siku hiyo hiyo au ikuandalie barua za kuombea viza upya katika nchi jirani. Wengi huenda Laos, Vientiane au Savannakhet. Dai barua ya kuachishwa, cheti cha utumishi na hati ya kodi iliyokatwa. Shule inayosita kukupa, mwombe mwalimu mwenzako wa Kithai aende nawe ofisini, tena mwende asubuhi, kabla ya chakula cha mchana.